Kitundu cha Gesi: Kisafishe, Usikipanue

Safari hii hatutazungumza juu ya mbolea wala mnyauko wa migomba. Tutazungumza juu ya kitundu. Ni kitundu kidogo sana, na kimo ndani ya kila chombo kinachowaka kwa gesi: jiko la mtungi, jiko la gesi ya samadi, bruda ya kulelea vifaranga, jokofu la gesi la kuwekea chanjo, na hata mtambo wa kuchemshia maji ya kuoshea vyombo vya maziwa.

Utauliza: mkulima na kitundu, wapi na wapi? Subiri kidogo, tuanze kwa mfano.

Tuseme ni mwezi wa Juni, uko Isongole, na baridi ya Mlima Rungwe imeanza kushuka jioni. Una vifaranga 300 wa siku nne. Umenunua bruda ya gesi kwa fedha uliyopata kwa kuuza maziwa na parachichi. Usiku moto unazimika. Unawasha, unazimika tena. Asubuhi anapita kijana wa jirani.

"Shikamoo mama. Nasikia bruda inasumbua?"

"Marahaba mwanangu. Haitaki kukaa na moto. Hebu tazama wewe."

Kijana anafungua, anachungulia. "Hapa pameziba tu, mama. Nipe pini."

Anachokoa kwa pini, anazungusha mara mbili tatu, anafunga, anawasha. Moto unaruka mkubwa kuliko hata siku bruda ilipokuwa mpya! Mama anafurahi, kijana anapewa chai na ndizi. Jioni, kwa sababu ya baridi, mama anaziba madirisha ya banda kwa karatasi za plastiki.

Ndugu mkulima, katika nyumba hiyo hatari imekwisha kuingia, na hakuna aliyeiona. Kufika mwisho wa mazungumzo haya utaweza kusema mwenyewe kosa lilikuwa wapi, na ni nini kilipaswa kufanywa.

KITUNDU NI KIBABA CHA GESI

Gesi ya mtungi hutoka kwa nguvu nyingi. Kwanza hupita kwenye regulata, yaani kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi, ambacho huipunguza nguvu. Kisha hupita kwenye mpira hadi kwenye chombo. Mwisho kabisa, kabla haijawaka, hupita kwenye kipande kidogo cha brasi chenye kitundu katikati. Kipande hicho mafundi hukiita nozeli.

Kitundu cha nozeli kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupima. Unajua jinsi muuza duka wa zamani alivyopima mchele kwa kibaba. Basi kitundu hiki ni kibaba cha gesi: hupitisha kiasi fulani tu, wala si zaidi. Kazi ya pili ni kuvuta hewa. Gesi ikitoka katika kitundu chembamba hutoka kwa kasi, na kasi hiyo huvuta hewa kupitia vidirisha vilivyo pembeni ya bomba la kichomeo. Gesi na hewa huchanganyika humo, halafu ndipo huwaka.

Hewa hiyo ni nyingi kuliko unavyodhani. Ili propani, ambayo ni mojawapo ya gesi za mtungini, iwake vizuri, kila lita moja ya gesi inahitaji lita 24 za hewa. Kwa hiyo ukiongeza gesi bila kuongeza hewa, gesi haitaungua yote. Itakuwa kama mtu anayelishwa tonge kubwa kuliko mdomo.

Sasa tuangalie vipimo. Kitundu cha kichomeo cha jiko la kawaida la mtungi mara nyingi hakifiki milimita moja. Kitundu cha moto mdogo wa kuwashia, ambao tutaueleza sasa hivi, ni kidogo zaidi: karibu robo hadi theluthi ya milimita. Hiyo ni kama nywele nne tu zilizolazwa pamoja.

Na hapa kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gesi aijue. Kiasi cha gesi hakiongezeki sawa na upana wa kitundu. Huongezeka kwa upana mara upana. Kitundu chenye upana wa milimita 0.30 kikipanuliwa kuwa 0.40, jicho haliwezi kuona tofauti. Lakini gesi inayopita si theluthi moja zaidi, bali ni karibu robo tatu zaidi! Ukikipanua upana mara mbili, gesi itakuwa mara nne. Ndiyo sababu pini ya yule kijana ilitoa moto mkubwa. Hakuzibua tu, alibadili kibaba.

MOTO MDOGO UNAOLINDA MOTO MKUBWA

Katika vyombo vingi vya gesi vinavyowaka usiku na mchana kuna moto mdogo usiozimwa. Mafundi huuita pailoti, kama rubani wa ndege, kwa sababu ndio unaoongoza. Moto mkubwa ukihitajika, pailoti huuwasha. Usipohitajika, pailoti hubaki peke yake ikiwaka polepole.

Lakini pailoti ina kazi nyingine, nayo ni ulinzi. Pembeni yake kuna ncha ya chuma iitwayo themokapo. Ncha hii ikipata joto la pailoti hutoa umeme kidogo sana, kama milivolti 20 au 30 hivi. Kumbuka kwamba betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Umeme huo mdogo ndio unaoshikilia valvu ya gesi ibaki wazi. Pailoti ikizimika kwa upepo, ncha hupoa, umeme hukatika, valvu hujifunga, na gesi haitoki tena. Bila ulinzi huo, gesi ingetoka usiku kucha na kujaa ndani ya nyumba.

Vyombo vingine, kama majokofu mengi ya gesi, havina moto mkubwa na mdogo. Vina moto mmoja tu mdogo wenye themokapo yake. Majokofu ya namna hiyo yalibuniwa Sweden mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ni ajabu, lakini hugandisha kwa kutumia moto. Katika vijiji visivyo na umeme yametunza chanjo za watu na za mifugo kwa miaka mingi. Nozeli yake ikiziba, moto hudhoofika, na chanjo ya kideri inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 hupata joto na kuharibika. Nozeli ikipanuliwa, jokofu halizidi kupoa kama watu wanavyofikiri. Huzidi joto kule nyuma, masizi huziba bomba la moshi, na ubaridi hupungua.

Kwa hiyo pailoti ikizimika-zimika, usiitukane. Inakwambia kitu.

GESI SI MOJA

Sisi wa Rungwe tuna bahati ya kuwa na somo la gesi chini ya miguu yetu. Huko Kyejo, upande wa Busokelo, gesi hutoka ardhini yenyewe, na kampuni ya TOL Gases imekuwa ikiivuna na kuijaza katika mitungi. Je, umewahi kusikia mtu anapikia gesi ya Kyejo? Hapana. Ile ni kabonidayoksaidi, hewa inayotiwa katika soda. Haiwaki kabisa. Tena huzima moto, na mtu au mnyama akiingia katika shimo iliyojaa hewa hiyo hufa kwa kukosa pumzi.

Sasa sikiliza. Gesi ile ile ya Kyejo imo pia katika gesi ya samadi unayoipata kwa ng'ombe wako wa maziwa. Gesi ya samadi ni mchanganyiko. Sehemu inayowaka ni methani, kati ya asilimia 55 na 70 hivi. Karibu sehemu yote iliyobaki ni kabonidayoksaidi isiyowaka. Kwa hiyo, ukilinganisha lita kwa lita, gesi ya samadi ina joto kama robo tu ya joto la propani. Isitoshe, presha yake ni ndogo na hubadilika: asubuhi mtambo ukiwa umejaa presha huwa juu, na mama akisha kupika chai na maharage presha hushuka.

Kwa sababu hizo mbili, jiko la gesi ya samadi huwekewa kitundu kipana, mara nyingi mara mbili au zaidi ya kile cha jiko la mtungi. Hebu fikiria mtu akibadilishana.

Ukiunganisha gesi ya samadi kwenye jiko la mtungi, utapata kimoto dhaifu kinachozimika kwa kupulizwa. Utasema mtambo umeharibika, kumbe kibaba ni kidogo.

Ukiunganisha mtungi kwenye jiko la gesi ya samadi, hapo ni hatari kubwa. Kitundu kipana, gesi yenye joto mara nne, presha kubwa: moto utaruka wa njano hadi kwenye dari. Usifanye hivyo hata kwa kujaribu.

Mitambo ya samadi si migeni nchini. SIDO ilikuwa ikiijenga tangu katikati ya miaka ya 1970, na CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981, iliongoza mpango wa taifa wa mitambo ya majumbani ulioanza mwaka 2009. Upande wa mitungi, Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Maana yake ni kwamba katika nyumba moja ya Katumba au Kiwira sasa unaweza kukuta gesi za aina mbili jikoni. Ni jambo jema. Lakini nozeli zake zisichanganywe katika kopo moja la misumari. Zifunge mbali mbali na uandike: hii ya mtungi, hii ya samadi.

TUKUYU SI DAR ES SALAAM

Kuna jambo jingine ambalo watu wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Mji wa Tukuyu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na Dar es Salaam, hewa ya Tukuyu imepungua karibu moja ya sita. Mtu haoni, lakini moto unaona. Chombo kilichopimwa pwani kikiletwa hapa kina gesi karibu ile ile, lakini hewa ya kuichoma ni pungufu. Isongole na Mwakaleli, ambako ni juu zaidi, upungufu unazidi.

Mafundi wa Marekani wana kanuni ya zamani. Chombo kikitumika juu ya futi 2,000, hupunguza nguvu ya moto kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za kupanda, tena kwa kuweka nozeli yenye kitundu kidogo zaidi. Kwa mji kama Tukuyu, ulio karibu futi 5,000, hiyo ni kama sehemu moja ya tano.

Je, kila mwenye jiko hapa abadili nozeli? La, hasha. Majiko mengi ya kawaida huvumilia. Kwanza fungua zaidi kidirisha cha hewa kama chombo chako kinacho. Moto ukiwa wa buluu na umetulia, wacha hivyo hivyo. Lakini ikiwa kila kitu ni safi, hewa imefunguliwa, na bado moto ni wa njano na sufuria zinapata masizi, basi uliza nozeli ndogo iliyotengenezwa na kiwanda cha chombo hicho. Uonavyo, huku kwetu mlimani kupanua kitundu ni kosa maradufu. Tulihitaji kukipunguza, sisi tunakiongeza!

KWA NINI KITUNDU HUZIBA

Sababu ni nyingi, na nyingine ni za hapa kwetu.

Kwanza, vumbi la pumba na manyoya ya vifaranga. Bruda ikikaa bila kufunikwa kati ya kundi moja na jingine, vumbi huingia.

Pili, buibui na wadudu. Wadudu wengine hupenda kujenga ndani ya mabomba ya gesi. Usicheke. Mwaka 2011 kampuni ya magari ya Mazda ililazimika kuyaita makumi ya maelfu ya magari huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wanaweka utando katika bomba la mvuke wa petroli. Ikiwa gari linashindwa na buibui, sembuse bruda iliyolala stoo miezi minne?

Tatu, mafuta mazito. Mtungi ukilazwa ubavu huku unatumika, gesi iliyo maji huingia kwenye regulata na mpira, na hubeba uchafu wa mafuta mpaka kwenye nozeli. Mtungi usimame wima siku zote.

Nne, kutu ya gesi ya samadi. Gesi hii ina kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Hula shaba na brasi, na huacha ukoga mweusi. Kwa hiyo nozeli ya jiko la samadi huchakaa mapema.

Tano, unyevu. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Chombo kikikaa mahali penye unyevu huota kutu, na unga wa kutu huanguka kitunduni.

Lakini kabla hujaishika nozeli, hakikisha kosa si jingine. Je, mtungi umekwisha? Je, mpira umejikunja? Katika mtambo wa samadi, je, maji yamekusanyika katika bomba? Je, ncha ya themokapo imefunikwa na masizi, au imesogea mbali na moto? Je, kuna upepo unaopiga pailoti moja kwa moja?

Na baridi je? Butani, gesi nyingine ya mtungini, huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, lakini propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mchanganyiko wa mtungini utatoa gesi hata katika Juni yetu. Ila mtungi mdogo wa kilo 6 ukilazimishwa kulisha moto mkubwa usiku kucha hupoa wenyewe, hutoa jasho, na presha hushuka. Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi. Usithubutu kuupasha moto mtungi, wala kuuweka karibu na mafiga!

SOMA MOTO WAKO

Moto ni kitabu. Pailoti nzuri ni ya buluu, imetulia, na inaikumbatia ncha ya themokapo kwa kiasi cha sentimita moja hivi.

Ikiwa ni ya buluu lakini fupi na dhaifu, haifiki kwenye ncha, basi kitundu kimeziba au presha imeshuka.

Ikiwa ni ya njano, laini, inayumba na kutoa masizi, basi hewa haitoshi. Tazama vidirisha vya hewa na bomba la kichomeo kwanza. Vikiwa safi, shuku kwamba kitundu kimepanuliwa au ni cha gesi nyingine.

Ikiwa inavuma na kuruka mbali na mdomo wa kichomeo, presha imezidi. Huenda regulata imeharibika. Funga gesi, mwite fundi.

NAMNA YA KUSAFISHA NA KUBADILI

Kazi hii kwa jiko la kawaida unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na subira. Kwa jokofu na bruda yenye themokapo, ni afadhali umwite fundi anayejua gesi, nawe usimame pembeni ukiangalia kama anafuata hatua hizi.

1. Funga valvu ya mtungi. Acha gesi iliyomo mpirani iungue yote. Acha chombo kipoe.

2. Kipeleke chombo nje, mbali na moto na sigara. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu, hutambaa chini kama maji na kujaa mashimoni.

3. Fungua nozeli kwa spana mbili: moja ishike bomba, nyingine izungushe nozeli. Ukitumia moja, utapinda bomba.

4. Soma namba iliyogongwa juu yake na uiandike. Katika nozeli nyingi za Ulaya, namba ni sehemu za mia za milimita: 65 maana yake milimita 0.65. Lakini nozeli nyingi za Marekani hufuata namba za keekee, ambapo namba ikiwa kubwa kitundu ni kidogo. Kwa hiyo usinunue kwa kutaja namba peke yake.

5. Iloweke katika spiriti au maji moto yenye sabuni kwa muda. Isuuze. Ipulize kwa pampu ya baiskeli kutoka upande gesi inakotokea, ili uchafu urudi ulikotoka. Usipulize kwa mdomo, maana mate yataleta unyevu. Iache ikauke kabisa.

6. Iinue kwenye mwanga. Kitundu kiwe duara safi. Kikiwa yai, kikiwa na mkwaruzo, au kikiwa na kutu, nozeli hiyo imekufa. Usiifufue. Badili.

7. Usiingize pini, sindano, waya wa breki, wala keekee. Hata waya laini haufai kwa kitundu cha pailoti.

8. Ukinunua nyingine, nenda dukani na nozeli ya zamani, jina la chombo na namba yake ya kiwanda, na useme ni gesi gani unatumia. Kama haipatikani Tukuyu, ni heri nauli ya Mbeya, kama kilometa 70 tu, kuliko kuchonga ya kubahatisha.

9. Irudishe bila kuipaka gundi wala kuizungushia tepu. Kipande cha tepu kikikatika ndicho kitakachoziba kitundu kesho.

10. Fungua gesi, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Povu likivimba, pana uvujaji: funga, kaza, jaribu tena. Usitafute uvujaji kwa kiberiti, ndugu yangu. Atakayeupata kwa kiberiti hatarudi kusimulia.

Ukimaliza, washa na usome moto wako kama tulivyokwisha kusema.

TURUDI ISONGOLE

Sasa turudi kwa mama yetu na vifaranga wake 300. Kitundu cha bruda kilipanuliwa kwa pini. Gesi imezidi, hewa haikuzidi. Tena banda liko juu mlimani ambako hewa ni pungufu. Na jioni madirisha yamezibwa kwa plastiki.

Gesi isiyoungua yote hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hii si ile ya Kyejo. Hii ni sumu kamili. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi hutiwa makusudi kiwandani ili ujue gesi inavuja, lakini sumu hii haina harufu ya kukuonya. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoishika, na damu hushindwa kubeba pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Watu hudhani ni uchovu au malaria, wakalala. Wengine hawaamki.

Mama huyo akiingia usiku kuangalia vifaranga na kukaa humo kwa sababu kuna joto, yeye mwenyewe yuko hatarini. Vifaranga watalala kimya, naye atadhani wameshiba.

Basi ukisikia kichwa kinauma ndani ya chumba chenye moto wa gesi, mkaa au kuni, toka nje mara moja, watoe na wengine, halafu ndipo uzime moto ukiweza. Mpeleke mgonjwa hospitali na ueleze kulikuwa na moto wa aina gani.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki hupunguzwa kama nyuzi 3. Joto hilo lipatikane kwa kuzungushia ubao au majamvi usawa wa vifaranga ili upepo usiwapige, huku sehemu ya juu ya banda ikiachwa wazi hewa ipite. Usilipate kwa kuziba banda, wala kwa kupanua kitundu.

Na yule kijana tusimlaumu sana. Alitaka kusaidia, na hakuna aliyemwambia. Wewe uliyesikia leo, mwambie.

KWA KIFUPI

Kitundu ni kibaba, kisibadilishwe kwa pini. Kila gesi ina nozeli yake. Mlimani hewa ni pungufu, kwa hiyo tusizidishe gesi. Moto wa buluu uliotulia ni rafiki, wa njano wenye masizi ni onyo. Nozeli iliyoharibika hubadilishwa, haichongwi. Na banda lenye moto liwe na njia ya hewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kitundu kikipanuliwa mara mbili gesi huwa mara nne?
2. Kwa nini jiko la gesi ya samadi lina kitundu kipana kuliko jiko la mtungi? Gesi ya Kyejo inahusianaje na jambo hili?
3. Katika nyumba za wanakikundi, ni vyombo gani vinawaka moto wa njano? Nendeni mkatazame usiku huu.
4. Ni nani kijijini kwenu anayetengeneza majiko ya gesi? Je, anatumia pini?